Mguu wa Hajja Ghazala

Jumapili, 2 Desemba

Leo binti yangu Raghda kanikatia simu. Si kwamba mtandao ulikatika, kakata yeye. Alisema, "Mama, kila siku Wisal, Wisal, Wisal. Mimi nina mtoto mchanga na usingizi sijaupata. Chukua daftari langu moja la shule pale chini ya kitanda, uandike hayo ya Wisal, ukimaliza ulichome." Basi nimelichukua. Kurasa sita za mwanzo ni hesabu za darasa la nane, zilizobaki ni zangu.

Haya, tuanze na huyo Wisal. Ni mke wa Mundhir, mdogo wake mume wangu Jawdat. Si mke mwenza, namshukuru Mungu, lakini wivu haujui tofauti hiyo. Wao wanakaa juu, sisi tunakaa chini. Baba mkwe aliikuta nyumba hii chumba kimoja, wanawe wakapandisha, maana hapa kwenye kambi ya wakimbizi ardhi haiongezeki, watu ndio wanaoongezeka. Waliokwenda juu wamepata jua. Sisi wa chini tumepata ukungu ukutani, na uchochoro ambao ukinyoosha mikono unagusa nyumba ya jirani. Dirishani kwangu jua linaingia dakika ishirini kwa siku, kabla ya adhuhuri, na hiyo ndiyo saa aliyoichagua Wisal kuning'iniza zulia lake ukingoni juu yangu, likaliziba.

Mama mkwe wetu, Hajja Ghazala, anakaa kwangu kwa sababu ya ngazi. Ana sukari mwaka wa ishirini sasa na miguu imekufa ganzi. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia ana kidonda tangu msimu wa kuchuma zeituni. Mimi ndiye ninayekiosha asubuhi na jioni, nakikausha, nakifunga. Leo nimepiga magoti, mguu wake umo mapajani mwangu, akasema: "Supu ya dengu ya Wisal jana ilikuwa na bizari kiasi chake hasa."

Kiasi chake! Nikakaza bandeji kuliko inavyotakiwa. Halafu nikaona haya, nikailegeza.

Jumanne, 4 Desemba

Mvua. Ukuta wa chumba cha Hajja umetoka jasho mpaka picha ya marehemu baba mkwe imejikunja.

Ijumaa, 7 Desemba

Ijumaa tunakula juu. Mundhir humbeba mama yake mgongoni, ngazi moja moja, huku Hajja akimpiga begani na kusema, "Polepole we punda, umebeba mama yako, hukubeba saruji." Mundhir anacheka, maana kazi yake ni kubeba saruji kweli.

Mvua ilikuwa imekatika. Wisal alimwekea kiti juu ya dari, kati ya matangi ya maji na makopo yake ya mnanaa. Hajja akavua shungi la sufu, akafumba macho, uso wote umeelekea juani. Akasema, "Huku mtu anapumua." Mbele yangu. Mimi ninayeamka kusugua ukungu kwa klorini hata vidole vimechubuka ili apumue, yeye anapumua kwa Wisal mara moja kwa wiki na ndiyo inayotajwa.

Nilikula. Wisal akaniuliza, "Dada, chakula kikoje?" Nikamwambia kizuri. Chumvi ilizidi. Wallahi ilizidi, kidogo.

Jumanne, 11 Desemba

Zulia. Dakika ishirini zote.

Jumamosi, 15 Desemba

Kliniki ya kambi leo. Nesi Taghrid, binti wa ami yake Wisal (ndugu zake wamejaa kila mahali kama majani ya zaatari mlimani), alikichungulia kidonda kwa tochi akasema kinafunga. "Hongera Hajja. Nani anakufunga hivi vizuri?"

Nilikuwa nimesimama pale pale na mkoba mkononi. Hajja akajibu, "Jua, binti yangu. Jua la kwa Wisal."

Nilitamani sakafu inimeze. Taghrid akanigeukia mimi akarudia yale yale ya kila mara: mguu uwe mkavu, usipashwe moto kwa kitu chochote, wala chupa ya maji ya moto, wala hita, wala jiko. "Hausikii, Mama Raghda. Utaungua na mwenyewe anakuhadithia habari za harusi." Nikasema ndiyo, ndiyo, nimeshasikia mara mia.

Njiani nilisukuma kiti chake cha magurudumu bila kusema neno. Alijua. Akasema, "Umenuna?" Nikasema, "Nani, mimi?"

Jumapili, 23 Desemba

Mfereji wa uchochoro umeziba tena. Maji machafu yamepita chini ya mlango hadi kitanda cha Hajja. Nimekuwa magotini tangu alfajiri na ndoo na tambara, Jawdat yuko na teksi yake, na majirani wote wa chini wako magotini vile vile, tunaitana mlango hadi mlango, "Kwako yamefika wapi?" "Kwenye friji!" "Kwangu yamepita friji!" Hajja kakaa kitandani miguu juu kama malkia, anatoa amri.

Kisha kikapu kikateremka kutoka juu kwa kamba, kikasimama mbele ya pua yangu. Ndani kuna sufuria ya supu ya dengu, moto, na mkate umefungwa kwa kitambaa. Sauti ya Wisal kutoka dirishani: "Dada Inshirah, nakuja kusaidia, natafuta mabuti tu!"

Nikapiga kelele, "Usije, tumemaliza!" Tulikuwa hatujafika hata nusu.

Bizari ilikuwa kiasi chake. Mungu anisamehe, nilikula bakuli mbili.

Jumamosi, 29 Desemba

Leo nimewasikia Jawdat na Mundhir mlangoni wakivuta sigara. Mundhir anasema, "Kaka, mama ahamie kwetu mpaka mvua ziishe. Kule chini ni kisima." Na mume wangu, badala ya kusema hapana, akasema, "Tutaona."

Tutaona! Nimeandika neno hilo na kalamu imetoboa karatasi.

Niseme ukweli humu, maana hakuna atakayesoma. Wisal ana watoto watatu wa kiume, ana jua, ana dari, ana ndugu kliniki. Mimi nina mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Nina nini? Nina Hajja. Siku ya Idi watu wakiingia kambini kusalimia, mlango wa kwanza kugongwa katika nyumba hii ni wangu, kwa sababu yeye yuko kwangu. Birika kubwa la kahawa liko kwangu. Kugombana kwa wana wake kunaamuliwa sebuleni kwangu. Akipanda juu, mimi nitakuwa mwanamke anayekaa chini ya watu.

Jumatano, 2 Januari

Baridi ya kukata masikio. Gesi ya hita imekwisha, na barabara ya gari la gesi imefungwa.

Alhamisi, 3 Januari

Nimelitoa! Jiko la shaba la Hajja, lililokuwa stoo nyuma ya magunia. Lilitoka na mama yake kutoka kijijini kwao karibu na Yafa, mwaka ule walipofukuzwa, wakidhani wanakwenda wiki mbili. Nimelisugua kwa limau na majivu mpaka limeng'aa. Mkaa nauwasha nje uchochoroni hadi uishe moshi, ndipo naingiza ndani.

Hajja alipoliona alishika mdomo. Nikachoma mkate na viazi vitamu, majirani wakasikia harufu wakaja mmoja mmoja, Mama Fathi wa mlango wa pili na wengine, chumba kikajaa. Hajja akasimulia bustani za machungwa ambazo hajaziona tangu akiwa na miaka minne. Alicheka mpaka meno yakatoka mahali pake. Akasema mbele ya wote: "Hata Wisal hana hili."

Nililala kama mtoto.

Najua alichosema Taghrid. Jiko liko mbali na miguu, hatua mbili nzima. Nimezipima.

Jumatano, 9 Januari

Jiko kila siku. Kuhama hakuzungumzwi tena. Wisal ameshuka mara mbili kuota moto. Nimempa kiti cha chini.

Jumapili, 13 Januari

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Asubuhi kulikuwa na barafu ukingoni mwa dirisha. Hajja akasema, "Lisogeze kidogo." Nikalisogeza hatua moja. Akasema, "Inshirah, unaogopa nini, mimi si karatasi." Nikalisogeza tena. Nilikuwa na furaha, nilitaka aseme tena lile neno la hata Wisal hana.

Nikasikia vishindo vya wanawake wakipanda ngazi. Dada zake Wisal, na trei ya kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, harufu ya siagi ikajaa uchochoro mzima. Hawakugonga kwangu. Nikangoja. Nikajiambia watateremsha kipande, au wataita. Hawakuita. Hajja akaanza kusinzia. Basi mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nikavua viatu nikapanda ngazi nne, nikasimama pale penye kona nisikie kama wananisema.

Hawakunisema. Nilisimama kama nusu saa na hawakunitaja hata mara moja. Walikuwa wanazungumzia mapazia.

Nikashuka na sumu yangu. Mlangoni nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Sikuelewa. Kisha nikaona soksi. Katika usingizi alikuwa amenyoosha mguu wa kulia, umeegemea ukingo wa shaba, na sufu ya soksi inafuka moshi taratibu, na yeye anakoroma.

Nikachukua ndoo ya kudekia nikamwagia. Akashtuka: "Kuna nini? Mbona unanilowesha?"

Nikasema, "Maji yamemwagika, Hajja. Mfereji."

Nilipoivua soksi, ngozi ya vidole viwili ilikuja nayo, kidole gumba na cha pili. Chini yake pekundu na peupe, kama nyanya iliyochomwa. Yeye ananitazama usoni, hajui kitu. Anasema, "Nipe soksi nyingine basi, hii imelowa."

Nikapaka dawa ya meno, na juu yake unga wa kahawa, kama mama yangu alivyofanya. Nikafunga. Nikarudisha jiko stoo, nyuma ya magunia. Jawdat aliporudi akauliza mbona hakuna moto, nikasema mkaa umekwisha.

Ningeita juu, Wisal angeshuka kwa ngazi mbili mbili, Taghrid angefika baada ya dakika kumi. Najua. Na jioni ile ile Hajja angekuwa juu, na kambi nzima ingejua kwa nini.

Jumatatu, 14 Januari

Hakuna anayejua.

Jumatano, 16 Januari

Siku ya kliniki. Nimempigia Taghrid, nimemwambia mvua, kiti hakipiti kwenye matope. Akasema sawa, lakini wiki ijayo lazima. Malengelenge yamepasuka.

Hajja ameuliza mara moja tu, "Jiko letu liko wapi?" Nikasema nimelipeleka kuchomelewa mguu. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Haya."

Jumamosi, 19 Januari

Wisal ameshuka na mnanaa. Alipoingia tu akakunja pua. "Dada, harufu gani hii?"

"Mfereji," nikasema.

Katika kambi hii nani atabisha mfereji? Akasema, "Mungu awalaani waliotujengea," akaweka mnanaa, akaondoka. Nilikaa kitandani kwa Hajja nikatazama mikono yangu. Hajja akanishika kidole kimoja.

Kidole gumba kimekuwa cheusi kwenye ncha.

Jumanne, 22 Januari

Asubuhi Hajja hakuamka vizuri. Anaungua homa, anamwita mama yake. Nikamwambia Jawdat ni mafua. Nilisema mafua! Lakini Jawdat alikwenda moja kwa moja kugonga juu, na Wisal akashuka na gauni la kulalia, nywele wazi, akavuta blanketi kabla sijamzuia, akafungua bandeji.

Alipiga ukelele hata Mama Fathi akatoka nje.

"Tangu lini? Inshirah, hii tangu lini?"

Wote wananitazama. Jawdat, Mundhir, Wisal, Mama Fathi mlangoni. Na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Ni ngazi zenu hizo. Kila Ijumaa mnamburuta juu na mguu wake unagonga kila ngazi. Nilisema mimi!" Sikuwahi kusema. Jawdat akamgeukia Wisal.

Tukamtoa kwa kiti, uchochoro haupitishi machela. Jeshi lilikuwa limeingia Nablusi, mji wenye hospitali, tangu alfajiri na barabara kubwa imefungwa. Jawdat akazunguka njia ya mlimani, saa mbili kwa safari ya robo saa. Mimi mbele, Wisal nyuma na mguu wa Hajja mapajani mwake, usaha unamlowesha, naye anamwimbia. Nilitazama kwenye kioo cha gari. Hata pale, wallahi hata pale, nikaona wivu kwamba mguu umo mapajani mwake.

Hospitalini daktari kijana akaufungua akasema, "Huu ni moto. Wiki moja, zaidi. Nani alikuwa naye?"

Nikahesabu vigae vya sakafu.

Hajja akafumbua macho. Akasema kwa sauti kavu, "Mimi mwenyewe. Nilivuta jiko peke yangu nikaficha. Kuna sheria?"

Alhamisi, 24 Januari

Vidole viwili wamekata. Daktari akamwambia Jawdat, nami nipo: "Mngemleta siku ile ile, asingepoteza hata kimoja." Na akasema pia: asirudi kwenye chumba chenye unyevu. Akirudi, safari ijayo ni mguu.

Jumapili, 27 Januari

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 1 Februari

Wamempandisha. Kwa kiti cha plastiki, Mundhir chini, Jawdat juu, kona ya ngazi iliwabana wakakwama, Hajja akasema, "Nitolewe dirishani basi kama kabati." Watu wakacheka. Nimepandisha mwenyewe sanduku lake, mswala wake na birika kubwa la kahawa. Wisal alivipokea mlangoni. Alisema, "Ahsante, dada." Bado ananiita dada.

Mama Fathi amenishika mkono uchochoroni: "Pole. Kila mtu anajua zile ngazi za Wisal ndizo zilizomharibu, huyo mama anawafichia tu." Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Ndivyo nilivyosema.

Jumanne, 5 Februari

Wageni wanapita mlangoni kwangu, wanapanda. Kila asubuhi Hajja anagonga sakafu yake kwa fimbo, mara tatu, na sakafu yake ni dari yangu. Mimi namjibu kwa mpini wa ufagio.

Ijumaa, 8 Februari

Wanacheka huko juu. Sikupanda kula. Nimesema kichwa kinauma.

Jumanne, 12 Februari

Wisal ameshuka leo bila kugonga, akaketi kwenye kile kiti cha chini, akalia. Nikajua amejua. Nikajiandaa.

Akasema: "Nifundishe supu yako ya dengu."

"Nini?"

"Siku kumi na moja, dada! Siku kumi na moja nasikia supu ya dengu ya Inshirah. Ya Inshirah ina limau yake. Inshirah anafunga bandeji kama anafunga zawadi. Inshirah hakuwahi kufungua mapazia kwa kelele. Nimempa jua, nimempa chumba cha wanangu, wanangu wanalala sebuleni kama samaki kwenye trei, na yeye anasifia ukuta wako wenye ukungu!" Akajifuta kwa ukingo wa shungi. "Miaka kumi na sita nimekuonea wivu. Umejua hilo? Watu wakija Idi wanaingia kwako, wanakula kwako, wakifika kwangu wameshiba, wananiambia tumepita tu kuona mnaendeleaje. Na lile zulia, Mungu anisamehe, sikuwa na haja ya kulianika kila siku."

Nilicheka. Alicheka naye. Huyo bibi kizee! Miaka yote hii anamsifu ambaye hayupo, tena kila mahali. Tulicheka mpaka Hajja akagonga fimbo juu kutaka kujua kuna nini.

Kisha Wisal akasema, "Kilichoniuma ni lile la ngazi tu. Mundhir hajanilaumu, lakini kila akipanda anazitazama." Na mimi nikakoma kucheka, nikamfundisha supu ya dengu.

Ijumaa, 15 Februari

Nimepanda wakati Wisal yuko sokoni. Hajja yuko juani, mguu juu ya mto. Nikapiga magoti kama zamani nikasema, "Hajja, jiko lile ni mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mguu umekufa ganzi, pua je? Nilifumbua macho ukiwa na ndoo. Niliona soksi. Mfereji gani unaotoka kwenye ndoo, we mwana?"

Yeye akaendelea kuchambua mnanaa. "Ningepiga kelele, wanangu wangenipandisha huku jioni ile ile. Basi nikanyamaza. Nikasema Inshirah atakiponya, kile cha kwanza si alikiponya."

"Lakini ulikuwa unataka huku! Jua, kupumua..."

"Nani kakwambia?" Akanitazama kwa hasira hasa. "Mtu akisifu jua la jirani amesema anahama kwake? Miaka ishirini na saba nimekaa chumba kile na wewe. Ungeniuliza, Inshirah. Neno moja tu. Hukuuliza."

Nikalaza kichwa mapajani pake, nikalia kwa sauti. Nilinyamaza kwa kuogopa ataondoka, naye alinyamaza asiondoke, na katikati yetu vidole vikaoza. Aliniacha nilie. Kisha akanivuta sikio, kwa nguvu.

"Vidole vilikuwa vyangu, nimevitoa. Jina la Wisal si langu wala lako kulitoa. Mama Fathi ananiletea maneno ya ngazi hapa hapa, ninakula chakula chake huku namsikia akisengenywa. Nimechoka. Kalisafishe."

"Nitamwambia leo."

"Ulipomchafua, palikuwa na watu wangapi?"

Ijumaa, 22 Februari

Wiki nzima nimekufa kila siku. Leo baada ya sala wanawake walikuwa juu, Mama Fathi na wengine sita, Jawdat na Mundhir mlangoni. Wisal alikuwa anapitisha kahawa. Nilisema nimesimama, haraka, nisije nikarudi nyuma. Kwamba ngazi hazina kosa. Kwamba nilikatazwa jiko nikaliwasha, nikalisogeza, nikaenda kusikiliza mlangoni kwa watu. Kwamba nilificha siku tisa.

Wisal akaweka trei chini.

"Ya ngazi nilishakusamehe," akasema. "Lakini nilikuuliza, harufu gani. Nilisimama pale na mnanaa mkononi, nikakuuliza. Ingekuwa siku ya sita. Ukaniambia mfereji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nenda chini, Mama Raghda."

Miaka kumi na sita ananiita dada. Nilishuka.

Jawdat hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha mama yake akasema, "Siku tisa," akavaa viatu akatoka na teksi.

Jumapili, 24 Februari

Hajja bado anagonga mara tatu. Mimi namjibu. Wengine wote, hakuna anayenisemesha.

Ijumaa, 1 Machi

Mvua ya mwisho labda. Raghda amepiga simu, akauliza, "Wisal hajambo?" Nikaifunika simu kwa shungi. Akasema, "Mama? Mama, umelia?"

Jumanne, 5 Machi

Leo asubuhi jua liliingia dirishani likakaa. Nikatoka nje kuangalia, ukingo ni mtupu, hakuna zulia. Nikadhani amelifua tu.

Kabla ya adhuhuri kikapu kikateremka. Nilikiona kikipita dirishani, nikaogopa kukisogelea. Ndani hakukuwa na sufuria. Kulikuwa na bandeji mpya, dawa ya maji ya kuoshea, na mkasi. Nikatazama juu. Wisal amesimama dirishani, ameshika kamba, hakutabasamu.

"Anakataa mkono wangu," akasema. "Siku nne haniruhusu, anasema nafunga kama nafunga mzigo. Taghrid yuko likizo. Panda."

Nikapanda. Wisal alinipisha mlangoni, akasimama nyuma yangu kuangalia kila ninachofanya, na ana haki. Nikapiga magoti. Pale palipokuwa na vidole pamefunga vizuri, pekundu, pakavu. Nikaosha. Nikakausha. Nikauweka mguu mapajani mwangu, mzito vile vile.

Hajja akafumba macho, uso umeelekea juani. Akasema, kwa kambi nzima isikie: "Lakini kwa supu ya dengu, siku hizi Wisal amempita Inshirah."

Nyuma yangu nikasikia Wisal akivuta pumzi. Mimi nikahisi ule wivu wangu ukipanda kifuani, ule ule, wala haujapungua. Nikafunga bandeji polepole, nikapitisha kidole chini yake kuhakikisha haijakaza.